Upande wa Pili wa Karatasi

Chumba cha chapa, hospitalini
4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama kwa Mama Mdogo, na kwamba ameshakupa kazi ya kufanya, maana yule hawezi kuona mtu amekaa. Mimi bado nina hasira. Nina siku nne nayo na haijapoa hata kidogo. Hebu fikiria: barua ya kukusimamisha kazi nimeichapa mimi, kwa vidole vyangu hivi, dada yako wa tumbo moja! Katibu wa Hospitali, huyo Kanuni wetu, alisimama nyuma ya kiti changu akinitajia neno baada ya neno: "Muuguzi wa wodi ya wanawake na watoto, tarehe ishirini na tisa Januari, saa moja asubuhi, alimfungulia mtu mlango nje ya saa za kuona wagonjwa, kinyume cha kifungu cha saba." Nilipofika kwenye jina lako mkono ukagoma. Akaniambia, "Endelea, Mpiga Chapa. Sheria haina dada."

Sheria haina dada! Na yule mwokaji mikate, anayeingia kazini saa sita mchana na kutoka giza limeshaingia, atamwona mwanawe saa ngapi ikiwa mlango unafunguliwa saa kumi na kufungwa saa kumi na moja? Mtoto amepasuliwa tumbo, ana siku tatu amefumba mdomo hataki kula, baba anaingia dakika ishirini tu mtoto anamaliza bakuli. Ningekuwa mimi Katibu wa Hospitali ningekupa cheo.

Baraza la Nidhamu litakaa tarehe 27 Machi, Mganga Mkuu akiwa mwenyekiti. Nisikufiche: ukipatikana na hatia unanyang'anywa cheti cha uuguzi, na cheti kikishaondoka hakirudi. Kwa hiyo andika utetezi wako mapema, uniletee niuchape vizuri.

Habari nyingine ndogo. Hospitali inatimiza miaka hamsini tarehe 17 Machi, na Daktari wa Upasuaji ameamua tuigize mchezo wa zamani wa Waingereza alioupenda tangu shule. Unamhusu hakimu mkali anayefufua sheria iliyokwisha lala ili amhukumu kijana kifo, kumbe yeye mwenyewe anataka kutenda kosa lile lile. Mimi sina sehemu. Nitakaa nyuma ya pazia kumnong'oneza anayesahau maneno.

Dada yako,
Mpiga Chapa


Kwa Mama Mdogo
11 Februari

Dada, shikamoo.

Nimefika salama. Mama Mdogo amenikabidhi kabati lake la vyombo, eti nilipange upya, na nikimaliza anasema lilikuwa bora kama zamani. Anakusalimu. Anasema upunguze hasira, zitakuharibia ngozi.

Kuhusu utetezi, nitaandika, lakini ni mfupi: nilimfungulia, na ningemfungulia tena. Sina la kuongeza.

Naomba jambo moja. Usimtukane Kanuni mbele ya watu. Si mtu mbaya kama unavyodhani. Ni mtu mwenye hofu, na mwenye hofu hushika sheria kama mlevi anavyoshika nguzo.

Mwokaji amepita hapa jana akaacha mikate sita. Mtoto ameruhusiwa kwenda nyumbani, anakimbia. Nilifurahi mpaka Mama Mdogo akaniuliza nacheka nini peke yangu.

Mdogo wako,
Muuguzi asiye na wodi


Chumba cha chapa
20 Februari

Mdogo wangu,

Si mtu mbaya? Wewe umesimamishwa kazi au umelogwa? Au umempenda? Kama umempenda niambie mapema nijiandae, maana sijui nitamwitaje shemeji mtu anayepima urefu wa penseli kabla ya kutupatia mpya.

Sasa kaa chini nikusimulie. Unajua ni nani atakayekuwa hakimu kwenye mchezo? Kanuni mwenyewe! Wala hakulazimishwa, kaomba.

Ilikuwa hivi. Karatasi hazitoshi kumpa kila mtu mchezo mzima, kwa hiyo namchapia kila mmoja maneno yake tu, pamoja na maneno mawili matatu ya mwenzake yanayotangulia, ajue aanzie wapi. Kanuni akapita ofisini, akaokota karatasi ya hakimu mezani, akaanza kusoma kwa sauti: sheria si sanamu ya kutishia ndege, leo waiogope kesho waijengee kiota juu yake, na kadhalika na kadhalika. Uso wake ukang'aa. "Huyu ni mtu wa maana," akasema. "Nani anamwigiza?" Nikamwambia bado hajapatikana. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Utauliza, hajui kwamba huyo hakimu ndiye mnafiki wa mchezo? Hajui! Ile sehemu ambayo hakimu anamtaka yule dada anayekuja kumwombea kaka yake, Daktari ameikata kabisa, kwa sababu watakuja watoto na viongozi wa dini. Inasimuliwa tu mwishoni, kwa vinywa vya watu wengine. Kwa hiyo ukisoma maneno ya hakimu peke yake unaona mtu mwadilifu anayehutubia. Daktari alimuuliza, "Mchezo wenyewe unaujua lakini?" Kanuni akajibu, "Nani asiyeujua?" Basi, Daktari akaridhika.

Mwishoni hakimu anaumbuliwa mbele ya umati na kukiri kosa lake. Maneno ya kukiri yako kwenye karatasi yake, sikuficha kitu. Ila yako upande wa pili. Si unakumbuka waraka wa mwaka jana? "Karatasi zote za hospitali zichapwe pande mbili." Aliyeutia sahihi ni nani? Mimi nimetii. Chini ya upande wa kwanza nimeandika: "Sehemu ya mwisho: hakimu anasimama kimya." Amesoma hapo, akadhani imeisha.

Hajageuza karatasi, mdogo wangu. Nami siendi kumwambia.

Dada yako,
Mpiga Chapa


Kwa Mama Mdogo
28 Februari

Dada, shikamoo.

Nilicheka niliposoma barua yako, halafu sikulala vizuri. Mwambie ageuze karatasi. Kumwangusha mtu mbele ya watu mia tatu si jambo la mchezo, hata kama linafanyika kwenye mchezo.

Na sijampenda. Ana miaka hamsini na nne na anakunja leso kwa rula.

Ila umehisi kitu. Ni kweli kuna jambo silisemi, si kwako tu, hata kwenye utetezi sitaliandika. Nilimwahidi mtu. Aliyenipa siri hiyo alikuwa amelala kitandani, amenishika mkono, na mimi nikasema ndiyo. Sasa niseme ndiyo ya mgonjwa ina thamani mpaka siku nitakayobanwa? Kama cheti kitaondoka, kiondoke. Nitamsaidia Mama Mdogo kupanga kabati lake mpaka uzeeni.

Nakutania. Naogopa sana, Dada. Asubuhi naamka saa kumi na moja, navaa viatu vya wodini, ndipo nakumbuka.

Mdogo wako


Chumba cha chapa
9 Machi

Mdogo wangu,

Ile habari ya viatu imeniliza hapa hapa kwenye mashine, ndiyo maana mstari wa juu una madoa.

Siri hiyo siijui na sitakubana. Lakini nimekuelewa hivi: una neno la kukuokoa na umelifungia. Ukaidi huo umerithi kwa nani? Kwa Baba. Mimi nilirithi pua tu.

Mazoezi yanaendelea kwa vipande vipande. Wa zamu ya asubuhi hawaonani na wa zamu ya mchana, kwa hiyo sehemu ya mwisho, inayotaka watu wote, hatujaifanya hata mara moja tukiwa kamili. Tulipoijaribu juzi Kanuni alikuwa na kikao. Alituma ujumbe: "Sehemu ya mwisho mimi nasimama tu. Nitasimama." Kila mtu anadhani mwenzake ameshamwambia. Mpishi Mkuu, anayeigiza yule dada, aliniuliza, "Hivi huyu bwana anajua kinachomngoja?" Nikamjibu anajua kusoma.

Joho lake la hakimu limeshonwa kwa shuka ya wodi iliyotiwa rangi nyeusi. Alidai risiti ya rangi.

Dada yako


Kwa Mama Mdogo
13 Machi

Dada,

Nakuomba kwa mara ya mwisho. Mwambie ageuze. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili yako. Sitaki siku nikirudi nikukute umefanana naye.

Mdogo wako


Chumba cha chapa
18 Machi

Mdogo wangu, mdogo wangu, mdogo wangu!

Keti. Mwambie Mama Mdogo naye aketi, umsomee kwa sauti.

Kwanza nikiri. Barua yako ya mwisho ilinifikia jana asubuhi, nikaenda mpaka mlangoni kwa Kanuni nimwambie. Nikamkuta amevaa joho mbele ya kioo, amenyoosha kidole, anahutubia. Nikarudi. Uovu wangu ndio huo, umeujua.

Ukumbi ulikuwa ule wa chakula wa wauguzi, mapazia ni shuka, na saa nne asubuhi watu walishajaa mpaka madirishani. Waliowahi kulazwa walialikwa wote. Nilikuwa nawapanga kwenye viti nikamwona bibi mmoja mwembamba, ana fimbo, ananiuliza, "Yule binti wa wodi ya wanawake yuko wapi? Nimemletea leso niliyomtarizia." Nikamwambia binti huyo ni mdogo wangu na amesimamishwa kazi. "Kwa kosa gani?" Nikasema, kwa kumfungulia mtu nje ya saa. "Na nani kamsimamisha?" Nikasema, Katibu wa Hospitali. Bibi akavaa miwani yake taratibu, akahamia kiti cha mbele kabisa.

Sikujua ni nani! Wallahi sikujua.

Mchezo ukaenda vizuri. Kanuni, nisimnyime haki yake, alikuwa hodari. Alipohutubia kuhusu sheria hata walinzi walikaa wima. Mpishi Mkuu akamlilia kwa ajili ya kaka yake, akamwambia mwenye nguvu si anayeweza kuadhibu, ni anayeweza kuadhibu akaacha. Kanuni akatikisa kichwa: hapana. Watu wakazomea, naye akapendezwa, akidhani wanamzomea Mpishi.

Tukafika mwisho. Mtawala, yaani Mganga Mkuu amevaa taji la boksi, anarudi kutoka safarini. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kusema maovu ya hakimu. Nikamwona Kanuni anageuza shingo kwa kila anayesema, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwenye msiba wa wengine. Jasho likaanza. Kisha Mganga Mkuu akauliza, kama ilivyoandikwa, "Kuna mwingine mwenye neno juu ya hakimu huyu?" Hapo alitakiwa kuingia Mpishi.

Sauti ikatoka kiti cha mbele. "Mimi ninalo."

Yule bibi amesimama, ameegemea fimbo. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Hakungoja kicheko kiishe.

"Mwanangu," akamwambia Kanuni. Mwanangu! "Mwezi wa Desemba nililazwa hapa siku kumi na moja. Kila siku saa saba mchana ulikuja na supu kwa kupitia mlango wa dobi. Saa za kuona wagonjwa ni saa kumi. Nani alikuwa anakufungulia?"

Mdogo wangu, ndipo nilipoelewa kila kitu kwa pamoja, ahadi yako, mkono uliokushika, na kwa nini alikusomea barua bila kukuangalia.

Kanuni akageuka akanitazama mimi, mnong'onezaji. Alitaka neno, lolote. Nami nilikuwa na karatasi yake mkononi, upande wa pili. Nitasema kweli: nilihesabu moja hadi tano nikimwacha azame, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha nikakumbuka ulivyoandika, kwamba nitafanana naye. Nikamnong'oneza: "Kosa nililomhukumia mwenzangu ni kosa langu."

Akanitazama tena. Nikanong'oneza mara ya pili. Akavua kofia ya hakimu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, si ile ya kuhutubia: "Kosa nililomhukumia mwenzangu ni kosa langu."

Mstari uliofuata hakuungoja. Aliongeza yake, na haya hayapo kwenye karatasi yoyote: "Alinifungulia yule yule muuguzi ninayemfukuza. Siku kumi na moja. Hakuniuliza hata mara moja."

Ukumbi ulilipuka! Wauguzi walipiga vyombo, walinzi walirusha kofia, yule mwokaji wako alisimama juu ya kiti na mwanawe mabegani. Mganga Mkuu amesimama na taji limemwangukia sikioni, hajui yeye ni mtawala au mwenyekiti wa Baraza. Na Mpishi Mkuu, ambaye kwenye mchezo anatakiwa apige magoti kumwombea hakimu msamaha, akaweka mikono kiunoni. "Goti langu hili linauma mwaka wa tano, mnajua wote," akasema. "Na huyu ndiye aliyeninyima ruhusa ya kwenda kulitibu." Kila mtu akacheka, hata Kanuni nusu acheke. Kisha Mpishi akapiga magoti. "Lakini mtu aliyekiri mbele ya mama yake ameshaadhibiwa nusu. Nusu iliyobaki muachieni huyo binti aamue."

Basi inakungoja wewe. Mganga Mkuu amesema tarehe 27 Baraza litakuwa na majina mawili, lako na la Katibu. Watu wanataka afukuzwe. Kichwa chake kiko mkononi mwako, mdogo wangu. Tumeshinda!

Dada yako, ambaye sauti imekauka


Kwa Mama Mdogo
22 Machi

Dada, shikamoo.

Mama Mdogo amenisomesha barua yako mara tatu. Mara ya tatu alisimama mwenyewe akaigiza fimbo ya Bibi.

Sasa naweza kusema. Bibi alikuwa Kitanda cha Sita. Alikuwa hali chochote akipewa na sisi, anageukia ukutani. Siku ile ile ya kwanza nilimkuta Kanuni kwenye mlango wa dobi, amekumbatia boksi la mafaili limeandikwa SIRI. Ndani mlikuwa na chupa ya supu imefungwa taulo. Hakuweza kuniomba. Mtu amezoea kuamuru, kuomba hakumtoki. Nikafungua tu. Alimlisha mama yake kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa ile leso yake ya rula. Siku ya kumi na moja Bibi akanishika mkono: "Usimwaibishe mwanangu. Hana kingine ila heshima yake." Nikaahidi. Ahadi ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeivunja, kwa hiyo mimi niko huru, na moyo wangu mweupe.

Usidhani mimi ni malaika. Siku aliponisomea ile barua macho ameyaelekeza dirishani, neno lilifika kwenye meno. Nilimchukia wiki nzima. Nilikuwa nikipanga kabati la Mama Mdogo navunja sahani makusudi. Mbili.

Nimeshajua nitakachosema tarehe 27. Sitaomba afukuzwe. Wakimfukuza, atakuja Katibu mwingine na kifungu cha saba kitabaki pale pale. Nitaomba kitu kimoja: Baraza limuulize Kanuni swali lile lile aliloniuliza mimi, "Kwa nini mlango ulifunguliwa nje ya saa?" Na jibu lake, neno kwa neno, liandikwe kuwa kifungu cha saba kipya.

Nitakuja na basi la asubuhi tarehe 26, na nitarudi huku siku mbili kuchukua vitu vyangu. Niandalie kitanda. Na asante kwa kumnong'oneza. Ulichelewa sekunde tano, lakini ulimnong'oneza.

Mdogo wako


Chumba cha chapa
29 Machi

Mdogo wangu,

Basi lako halijafika hata nusu ya njia na tayari nakuandikia. Niliyoyaona juzi ndani ya Baraza nitawasimulia wajukuu: wewe umesimama na viatu vyako vya wodini, na Kanuni anajibu swali huku kamasi zinamtoka. Mganga Mkuu alitaka kulipamba jibu lake liandikwe vizuri zaidi, ukamwambia, "Hapana, neno kwa neno." Baba angekuona!

Nakutumia barua ya Katibu kwa dereva wa basi la jioni, ikufikie kabla hujaondoka huko. Nilijitolea kuichapa, akakataa. Ameichapa mwenyewe kwa vidole viwili, imemchukua asubuhi nzima, wodi zote zilisikia.

Ukimaliza kusoma, igeuze.

Dada yako


OFISI YA KATIBU WA HOSPITALI
29 Machi

Kwa: Muuguzi, Wodi ya Wanawake na Watoto

YAH: KURUDISHWA KAZINI

1. Baraza la Nidhamu limekuona huna hatia. Unarudi kazini tarehe 1 Aprili, zamu ya asubuhi.

2. Barua ya kukusimamisha imefutwa na kuondolewa kwenye faili lako.

3. Aliyeiandika amepewa onyo la maandishi. Onyo hilo lingekuwa kufukuzwa kama si maombi yako.

4. Kifungu cha saba cha zamani kimefutwa. Kifungu cha saba kipya, kitakachobandikwa kwenye milango yote ukiwemo wa dobi, kinasomeka hivi: "Kwa sababu alikuwa hali mpaka amwone mtu wake. Mgonjwa wa namna hiyo atamwona mtu wake saa yoyote."

5. Waraka wa kuchapa pande mbili unabaki kama ulivyo.

Katibu wa Hospitali

(Tazama nyuma)


Binti yangu,

Nimegeuza karatasi zote mezani kwangu tangu siku ile. Kuna mengi yalikuwa nyuma na sikuwahi kuyasoma. Ombi la Mpishi la kutibiwa goti lilikuwa nyuma ya orodha ya sufuria. Amekwenda leo.

Mama anauliza kama leso aliyokutarizia imekupendeza.

Ile siku ya kwanza mlangoni nilikuwa nimeandaa maneno ya kukuamuru, na moja la kukuomba sikuwa nalo. Ukafungua kabla sijasema. Asante kwa kunifungulia. Ilinipasa kuyasema hayo Desemba.

Tarehe 1 saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mlango wa dobi. Ufunguo ninao mimi. Safari hii nitakufungulia wewe.

Mtoto wa Kitanda cha Sita